Madai ya Mguu wa Ayeyo na Kiatu Changu cha Kushoto

Abdihafid Yonis,
Nyuma ya kisima cha zamani,
Habaswein.

Kwa Mwalimu Mutanu,
Mwenyekiti,
Chama cha Kusaidiana cha Walimu na Wafanyakazi Wageni,
Habaswein.

Mwalimu wangu mheshimiwa,

MINTARAFU: NYINYI WAGENI KUNILIPA NGAMIA KWA AJILI YA GARI ILIYOMGONGA AYEYO IKATOROKA

Assalamu alaykum. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisa, Bwana asifiwe pia, nisiache upande wowote ukilalamika.

Kabla ya madai ni vizuri nijitambulishe upya, maana mara ya mwisho uliponitazama vizuri nilikuwa nimepiga magoti nje ya darasa la saba, na mtu aliyepiga magoti huonekana mfupi kuliko alivyo. Mwalimu, mimi ndiye mwanaume jasiri kuliko wote kuanzia daraja la Garissa mpaka Banissa. Si mimi ninayesema, ni fisi. Fisi wa kinamasi cha Lorian wakisikia mkokoteni wangu unakuja hujipanga kando ya barabara kama watoto wa shule wanaongoja mheshimiwa apite. Nyoka aliwahi kuniuma kisigino. Akaumwa yeye tumbo. Mwaka ule wa ukame simba alinikuta nachota maji, nikamtazama tu hivi, akaona haya akaanza kunusa majani kana kwamba ni mbuzi. Nayaandika haya ili ujue kwamba anayekudai si mtu wa ovyo ovyo. Unadaiwa na mtu mwenye jina.

Sasa kisa chenyewe. Ayeyo Faduma, ambaye ni nyanya yangu mzaa baba, unamfahamu. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa sijui hata kufunga macawis, kikoi chetu, kiunoni. Kila asubuhi mimi huendesha mkokoteni wa punda kupeleka mitungi ya maji mjini, naye hukaa nyuma na vibuyu vyake vya maziwa ya ngamia, akauze sokoni. Asubuhi ya tukio tulikuwa kwenye barabara ya Garissa, yeye akinitukana kama kawaida, mimi nikiimba ili nisisikie. Mara pikapu iliyojaa kabeji ikatokea ndani ya vumbi ikagonga gurudumu letu la nyuma. Mkokoteni ukazunguka. Ayeyo akaanguka, mguu ukavunjika juu ya goti. Gari ikatoweka. Ayeyo naye akaja kupatikana amelazwa hospitalini Garissa, mguu umefungwa plasta. Alifikaje Garissa, mwendo wa nusu siku kwa gari, si mada ya barua hii.

Nilikwenda kituo cha polisi kama raia mwema. Afisa akaniuliza namba ya gari. Nikamwambia palikuwa na vumbi. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza taa zake mbili, vioo vyake, na mdomo wake wa mbele uliokuwa umetabasamu vibaya. Yule afisa akaweka kalamu chini akasema, kijana, gari inayotoroka mtu huiona mgongo, mbona wewe unanieleza uso peke yake? Nililiona swali hilo ni la mtu asiye na adabu, nikaondoka.

Nikaenda kwa Mzee Shirwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu mambo ya namna hii yakitokea. Na hapa, Mwalimu, itabidi safari hii nikufundishe mimi. Kwetu mtu mmoja akiumiza mtu, halipi peke yake. Wanalipa watu wake wote, wa karibu na wa mbali, aliyekuwepo na aliyekuwa Hagadera amelala zake. Malipo hayo huitwa mag, na huhesabiwa kwa ngamia. Kwa hiyo swali la kwanza la Mzee Shirwa halikuwa gari rangi gani. Aliuliza, dereva ni wa nani? Nikasema sijui. Akasema, basi rudi ukijua, maana ngamia hawadaiwi kwa vumbi.

Nilirudi nyumbani nikawaza. Unakumbuka ulikuwa unasema kichwa changu kingekuwa cha kwanza darasani kama mwili ungekubali kukaa nacho. Kiliwaza hivi. Pale barabarani kuliachwa kabeji. Nyingine zilikuwa zimetapakaa, na nyingi zilikuwa zimepangwa kando ya barabara vizuri sana, moja juu ya nyingine, kama sokoni, jambo linaloonyesha jinsi gari ile ilivyokuwa na kasi ya ajabu. Sasa nani katika dunia hii hubeba kabeji nyingi kiasi kile kwa hiari yake? Si Msomali. Msomali atabeba mchele, sukari, mbuzi, mkwe wake, lakini si kabeji. Kwa hiyo dereva ni mgeni, ametoka kule ng'ambo ya daraja la Tana, ambako sisi mtu akienda tunasema ameenda Kenya.

Na wageni wa hapa Habaswein ni ukoo. Usikatae haraka, Mwalimu, hesabu kwanza. Mtu wenu akifiwa mnachanga. Akioa mnachanga. Krismasi mnachinja mbuzi mmoja mnagombania maini. Mna mwenyekiti, mna mweka hazina anayeshukiwa, na mna mkutano ambao hauishi bila mtu kutoka nje amenuna. Hicho si chama. Ni ukoo ambao haujajitangaza.

Nilianza kwa adabu na Hesbon, fundi wa magari, kwa sababu ndiye wa karibu na kisima. Alicheka mpaka spana ikamwanguka mguuni. Akasema, bwana mdogo, huyo dereva wa kabeji pengine ni wa Kinangop, mimi natoka Bungoma, tunajuana wapi? Nikamwambia, adeer, ami yangu, kila ukoo huanza hivyo hivyo. Siku ya kwanza hakuna anayemjua mkosaji. Siku ya pili wanakumbuka kwamba babu zao walikuwa majirani. Siku ya tatu wanauliza ngamia wa rangi gani. Akanirushia kitambaa cha mafuta. Ndiyo maana nimepanda ngazi mpaka kwako wewe kiongozi wao, na madai yangu ni haya:

1. Mguu wa Ayeyo. Mzee Shirwa anasema mguu una ngamia wake wanaojulikana, lakini huu si mguu wa kuhesabiwa pamoja na miguu mingine. Huu ulitembea kutoka Banissa wakati wa njaa na baba yangu akiwa mgongoni. Nawe Mwalimu umefaidika nao. Nilipokuwa natoroka shule, ni mguu gani uliokuwa unanifuata mpaka kwenye malisho? Ni huo huo, wa kulia. Na siku ile wewe mwenyewe uliponishika sikio ukanivuta mpaka mlangoni kwake kwa sababu nilikuwa nimejificha juu ya tangi la maji, ni mguu gani uliosimama mlangoni ukinisubiri? Sasa umening'inizwa kwa kamba Garissa kama nyama ya duka. Andika ngamia jike, wenye maziwa, idadi tutakaa chini tuongee.

2. Punda. Huyu alisimama pale pale, hakukimbia hata hatua moja, na watu wanamsifu mpaka inaudhi. Lakini ameharibika tabia. Nilipokuwa nakusanya ushahidi yeye akaula. Alianza na kabeji ndogo, akahamia kubwa, na tangu siku hiyo majani makavu anayatazama kama mtu aliyerudi kutoka Nairobi anavyotazama uji. Nadai kabeji ya kila siku mpaka asahau. (Ushahidi uliobaki, kabla hujauliza, uliliwa na mji mzima. Hata Mzee Shirwa nilimkuta anatafuna, akasema anachunguza.)

3. Macawis yangu mpya na kiatu cha kushoto. Macawis iliraruliwa na miiba kuanzia gotini mpaka mahali nisipoweza kumtajia mwalimu wangu. Na kiatu, Mwalimu, nadhani hiki kitakutoa machozi. Kilikuja kupatikana mbali sana ndani ya vichaka, ng'ambo ya korongo, kimenasa kwenye mti wa mwiba. Hebu fikiria nguvu ya gari inayogonga gurudumu la nyuma la mkokoteni ikarusha kiatu cha mtu aliyekaa mbele umbali wote huo, ikaking'ang'aniza mtini! Hesbon nilipomweleza akasema gari za namna hiyo hajawahi kutengeneza.

4. Jina langu. Hili ni zito kuliko kiatu. Kuna mtu anaitwa Hamze, mwenye pikipiki, ambaye kila nikipita na mitungi husimama juu ya kiti chake akipiga kelele, "Jamani, pisheni njia, bingwa anapita! Kaunti inatafuta mtu wa mbio ndefu!" Na wenzake wanapiga honi. Wazo hilo la mbio limetoka wapi sijui. Hakuna aliyetaja mbio. Mimi nilisema gari ndiyo iliyotoroka, nimesema kituoni, nimesema sokoni, nimesema msikitini baada ya sala mpaka imamu akaniambia Mwenyezi Mungu ameshasikia. Nadai ngamia mmoja kwa kila honi.

5. Matusi. Ayeyo alikuwa akiniamsha kwa kunitukana. Mvivu wewe, mguu wa mbuni wewe, punda ameamka, jua limeamka, ni wewe tu na mawe mliobaki mmelala. Sasa naamka peke yangu. Nyumba imenyamaza. Wateja wake wa maziwa wanakuja mlangoni na vikombe vyao, wananitazama, wanarudi na vikombe vitupu. Jana nilichemsha maziwa yakaungua, nikangoja kutukanwa, sikutukanwa. Sijui hili linadaiwa ngamia wangapi. Andika tu, tutaulizana.

Najua utasema nyinyi hamfugi ngamia. Nimeliona hilo na nimewafikiria kwa huruma. Mnaweza kulipa kwa vitu. Televisheni ya chumba cha walimu naikubali kama ngamia mdogo. Mbuzi wa Krismasi ahesabiwe kama mguu wa mbele. Mwalimu wa hesabu ana godoro zuri, hilo naliacha kwa sasa, lakini asijisahau.

Na mkikataa kulipa kabisa, sheria yetu haijaniacha mikono mitupu. Watu wa mkosaji wakikataa mag, aliyeumizwa ana haki ya kuumiza mmoja wao kadiri ile ile, yeyote, si lazima mwenye kosa. Mimi si mtu wa vita, ijapokuwa fisi wananijua. Kwa hiyo napendekeza kwa heshima kwamba chama kinichagulie mwanachama mmoja nimgonge kwa mkokoteni, kwa mwendo wa punda, siku ambayo hana vipindi. Nitamgongea kwenye mchanga. Maoni yangu binafsi ni Hesbon, kwanza kwa sababu ana nyama ya kumkinga, pili kwa sababu ya bei aliyoniambia ya gurudumu jipya. Baada ya kugongwa nitampa maji baridi, na kati ya ukoo wako na wangu kutakuwa na amani mpaka kiama.

Jambo jingine dogo. Watu wanauliza mbona sijaenda Garissa kumwona mgonjwa. Hawajui sheria. Mdai hatakiwi kuondoka mahali pa tukio, asije mkosaji akarudi asimkute. Tena punda hana wa kumnywesha. Tena macawis niliyo nayo sasa haifai mbele ya madaktari. Tena basi hunitia kichefuchefu, mimi niliyemtazama simba. Sababu ninazo nyingi, Mwalimu, na ukitaka nyingine nitaandika ukurasa wa pili.

Nangoja majibu yako kabla ya Ijumaa, kwa kalamu nyekundu ikibidi, nimeizoea. Nisalimie Mueni muuguzi aliyenitoa miiba miguuni bila kuuliza maswali. Huyo peke yake hatadaiwa chochote. Nisalimie watoto wa darasa la saba, waambie magoti hupona. Nisalimie mwalimu wa hesabu na godoro lake. Hesbon usimsalimie, atasalimiwa na mkokoteni.

Ndimi mwanafunzi wako wa zamani, mdai wako wa sasa, na ngao ya barabara ya Garissa kwa fisi na simba,

Abdihafid Yonis

N.B. Mwalimu, nilikuwa nimeshailamba bahasha. Simu ikalia, namba nisiyoijua. Mwanaume akasema kwa Kiswahili cha kule kwenu, subiri nikupe shosho, nyanya yako. Halafu nikasikia Ayeyo.

Hiyo ni simu ya Kang'ethe. Kang'ethe ndiye dereva wa kabeji. Haikutoroka ile gari. Ilisimama pale pale, hata kabla vumbi halijatulia. Alishuka akilia kuliko Ayeyo, akashusha kabeji zake kwa mikono yake akazipanga kando ya barabara ili apate nafasi ya kumlaza, akatandika koti lake, akamwendesha mpaka Garissa polepole, akisimama kila shimo kumwomba msamaha. Zile kabeji zote alizotuachia sisi tumezila. Kwa hiyo, ukihesabu kwa haki, mji wa Habaswein unadaiwa na Kang'ethe.

Tena kuna baya zaidi. Kila akipita Garissa na mzigo anamletea uji. Ayeyo amemsamehe, na si kumsamehe tu, amewaambia manesi huyu ni mwanangu sasa, ni wetu, na nilisikia kwa masikio yangu anamwita mguu wa mbuni. Matusi yangu anapewa yeye. Nimekimbia kwa Mzee Shirwa kumuuliza sheria inasemaje mkosaji akichukuliwa na watu wa aliyekosewa. Akasema basi mag italipwa na watu wake, yaani sisi. Akaniuliza mimi nina ngamia wangapi.

Kwa hiyo futa madai yote, na televisheni pia. Mwambie Hesbon atembee barabarani bila wasiwasi. Nasikia Jumamosi anakwenda Garissa kuchukua vipuri. Naomba nafasi, hata nyuma juu ya matairi. Na nakuomba wewe, Mwalimu wangu, uje nami. Siogopi safari. Ni ule mlango wa wodi ndio siuwezi peke yangu. Wewe uliwahi kunifikisha mbele ya Ayeyo kwa kunishika sikio. Nishike tena. Sikio lolote.

Kwa sababu kwenye simu hakuniuliza kitu. Aliuliza kama nimekula, akauliza kama punda amekunywa. Basi. Halafu nikamsikia anawaeleza wagonjwa wenzake, kwa sauti kubwa ya kujivuna, kwamba huyu anayeongea naye ni mjukuu wake shujaa, ambaye gari ilipogonga alikimbia kwenda kuita watu.

Mwalimu, wewe unaijua ile barabara. Upande niliokimbilia hakuna watu.